Jino la Kukatia Uzi

Kila nikikaa chini mnanijia na hili hili. "Bibi, tuandikie habari za fundi na jino lake." Mnadhani kuandika ni kumenya viazi? Kalamu yenyewe nimeishika uzeeni. Haya, naandika, lakini asinicheke mtu.

Fundi ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Anashona barazani kwake kwa cherehani ya kukanyaga. Mkasi anao, ila ni wa kitambaa tu. Uzi alikuwa akiukata kwa jino la mbele. Anainama kama anayetaka kulibusu vazi, ta! uzi umekatika pale pale kwenye fundo, hata ukipapasa huusikii. Kwa jino hilo kalea watoto, kamzika mume, na hajagonga mlango wa mtu kuomba chumvi.

Likaanza kumpwita. Akaendelea kushona, kwetu hatulii ovyo. Shavu lilipovimba, bintiye akachoka. "Mama, bima unailipia kila mwezi, kadi inaozea mkobani. Si uende ukaitumie?"

Akaanza na kliniki ya ghorofa pale mtaani. Hakwenda kama mgeni. Makoti meupe ya daktari wa meno wa pale, yeye ndiye anayeyashona. Dada wa mapokezi akaishika kadi kwa ncha za kucha.

"Mama, hii ya serikali hatupokei."

"Mwite daktari. Koti alilovaa nimelishona mimi."

Daktari akatokea anacheka, meno yote kinywani. Akamchungulia. "Fundi wangu! Hilo linapona. Nasafisha mzizi, naliziba, unaendelea nalo. Ila bima hiyo wanatuzungusha kutulipa, mama yangu. Njoo na taslimu. Halafu, makoti yangu mapya yamefikia wapi?"

"Yanakwenda," akasema Fundi, akachukua kadi yake, akatoka. Hakubembeleza. Hata mimi nisingebembeleza.

Akazunguka mji na shavu lake. Huku wanapokea kadi kwa macho, kwa meno hawapokei. Kule mashine ya kusomea kadi imeharibika, rudi wiki ijayo. Akarudi, mashine bado mgonjwa. Pengine alikuta kliniki imehama, kimebaki kibao chenye picha ya jino linalocheka.

"Hata jino la ubaoni lina afya kuliko langu," akamwambia bintiye.

Mwisho yeye na bintiye wakafika hospitali ya serikali, ng'ambo ya mji. Kadi ikapokelewa bila neno. Fundi akashusha pumzi. Akasubiri kwenye benchi mpaka kiuno kikafa ganzi, ndipo akaitwa. Daktari, binti mwenye macho ya kukosa usingizi, akamulika kinywani.

"Tunang'oa."

"Ziba, mwanangu. Hilo ni jino la kazi."

"Mama, bima yako inalipia kung'oa. Kuziba haimo."

"Yaani nachangia miaka yote hii ili niwe kibogoyo?"

Daktari hakucheka. "Ukiliacha, usaha utaingia kwenye taya. Amua, mama, wenzako wanangoja."

Akaamua. Ulitaka afanyeje? Jino likaangukia kwenye ndoo, ngo!

Makoti akayamalizia nyumbani. Alijaribu jino la pembeni, uzi ukateleza. Akashika mkasi, mkono haujazoea kuukatia uzi: hapa kaacha mkia wa uzi, pale kakwangua kitambaa. Daktari wa ghorofani akaja mwenyewe kuyachukua, akageuza kola.

"Fundi, vipi tena? Nyuzi zinaning'inia! Hii si kazi yako."

Fundi akaachama, pengo likaonekana lote.

"Mkasi wangu niliuleta kwako ukaukataa. Sasa uko kwenye ndoo ya mwenzako."

Daktari akatazama viatu vyake. Mnadhani aliona haya? Alilipa, akakunja makoti, akasema yajayo atampelekea fundi wa sokoni, maana kazini kwake panataka unadhifu. Fundi akamsindikiza mpaka kizingitini, kwa adabu zote. Kisha akaingia ndani, akafunika cherehani mchana kweupe.

Ndiyo hayo mliyoyataka. Pole zenu kaeni nazo, pole haizibi jino. Lile la pembeni nalo limeanza kumpwita. Sasa wewe unayesoma: kama unamjua daktari anayeziba kwa bima ya serikali, nimesema anayeziba, sikusema anayeng'oa, inuka hapo ulipo, uje unionyeshe mlango wake. Na usije kesho.