Kwenda Chala na Shemeji Kasiano

Mimi si mtu wa safari. Hata sokoni Sumbawanga huwa nakwenda kwa kusukumwa. Lakini kwa kuwa nimefika kidato cha nne, kamati ya kijiji chetu cha Pito ilinipa kazi: nipande lori la kijiji hadi Chala na kurudi, niandike kama dereva wetu, Shemeji Kasiano, bado anafaa. Miezi mitano nyuma alianguka kutoka juu ya magunia akaumia kichwa. Kidonda kilipona, lakini watu wakaanza kunung'unika kuwa ameanza maringo, anawapita bila kuwapungia mkono.

Asubuhi tuliondoka. Niling'ang'ania mlango.

“Shemeji, mlango huo hauna mume?” alinitania.

Baada ya mji wa Sumbawanga ni nyasi kavu na upepo wa baridi. Kasiano alimpigia honi kila aliyesimama kulia. Kushoto, bibi mmoja mwenye ungo wa ulezi aliinua mkono. Honi haikulia.

“Mbona humsalimii bibi?”

“Bibi yupi?”

Nilidhani utani.

Saa sita tulifika Chala, mtunza ghala wa huko akatukaribisha ugali na maharage. Kasiano alikula upande wa kulia wa sahani, akalalamika chakula kimeisha.

“Watu wa Pito mna njaa!” mwenyeji alicheka.

Niliizungusha sahani.

“Kumbe kipo,” alisema Kasiano, akaendelea kula. Nikamkumbuka yule bibi wa kushoto.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nikaona aibu, nikapanda lori.

Alasiri, hata Chala hatujaiacha mbali, mzee mmoja alikuwa mbele yetu na baiskeli, kushoto. Lori halikupunguza mwendo.

“Kushoto! Kushoto!” Niliurukia usukani. Mzee aliangukia mtaroni, akainuka mzima, matusi yakimtoka.

Kasiano alishuka, akamtazama kwa muda mrefu. “Katokea wapi huyu?”

“Alikuwepo muda wote, Shemeji.”

Aliketi kwenye ngazi ya lori. Nilitoa kalamu, nikaishika tu.

“Ukiandika, Pito nitakuwa nani?”

“Shemeji yangu.”

“Hiyo si kazi.” Alichomoa ufunguo, akanipa. “Andika hafai. Usilipambe neno hilo kwa kisomo chako.”

Niliandika. Nilichojifunza ni kwamba nusu ya dunia inaweza kumpotea mtu asijue, na anayeketi kando yake akiona haya kumwambia, ataua.

Mzee, matusi yalipomwishia, alirudi Chala kutuitia dereva. Tulipoondoka na dereva huyo, Kasiano alikaa dirishani, mimi katikati. Hadi Pito alikuwa akitazama mikono ya yule dereva.