Rangi Aliyoipaka Valeriani Kwenye Soksi ya Upepo

Saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, Valeriani anakimbia na fimbo mkononi kuelekea mwisho wa kiwanja kidogo cha ndege, nje kidogo ya Ifakara. Chini ya mlingoti wa soksi ya upepo, wanawake wanne wanapepeta mpunga bila wasiwasi.

“Digna! Ndege inatua saa tano!”

“Shikamoo, mzee,” anajibu Digna, mkulima wa jirani, bila kushusha ungo.

“Marahaba. Ondoeni turubai.”

“Umeamkaje? Nyumbani wazima? Wale kuku wameshaanza kutaga?”

Valeriani anakunja uso, lakini anajibu yote, hadi ya kuku. Hawezi kumfokea mtu anayemsalimia, na Digna analijua hilo. Salamu zinapoisha, debe lingine limeshapepetwa.

“Halafu, mzee, mbona soksi yako imenyooka na makapi yananiangukia miguuni?”

“Angalia ungo wako.”

Valeriani ana miaka sitini na mmoja, na huu ni mwaka wa kumi na tisa analinda kiwanja hiki. Anafyeka nyasi, anafukuza mbuzi, anachunga soksi, yote kwa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi. Ndege ni chache. Inayosubiriwa zaidi ni ya madaktari wa macho.

“Watu wanadhani soksi inamwonyesha rubani pa kwenda,” anasema. “Hapana. Upepo unaingia mdomoni, unatokea mkiani. Rubani anatua akiuelekea ule mdomo, upepo umpige usoni, umsaidie kusimama.”

Ina mistari mitano, mwekundu kwa mweupe. Upepo mdogo hunyanyua mmoja. Ikinyooka yote, Valeriani hushika kofia.

Kabla ya soksi kulikuwa na moshi. Baba yake, aliyekuwa kibarua hapa hapa, aliwasha majani mabichi kila aliposikia mngurumo, na rubani akatazama moshi unalalia wapi. Siku moja ulilalia jikoni kwa wageni, kukawa na maneno. Ndipo ukatundikwa mkono wa shati la kaki, mdomo wake ukashikiliwa wazi kwa ringi ya ndoo.

Wazee mpaka leo husema “mkono.” Karatasi za ofisini husema “kionyesha upepo.” Digna na wenzake hawajali jina. Wanaitazama tu wajue wasimame upande gani, makapi yasiwaingie machoni.

Soksi iliyopo ilishonwa kwa mkono na Luciana, mke wa Valeriani, miaka minne iliyopita. Luciana alifariki masika ya mwaka juzi. Jua likaendelea kuila rangi ya soksi, hadi mkaguzi akaja akasema imepauka, haionekani kutoka juu: ishushwe, iwekwe mpya, la sivyo kiwanja kifungwe.

“Mimi nilisikia ‘ishushwe’ tu,” anasema Valeriani. “Nikasema, kama tatizo ni rangi, rangi ninayo.”

Alikuwa nayo kweli, rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango. Akaijaza soksi mabua ya mpunga ipate umbo, akaipaka mara mbili, akapaka hata pete ya chuma inayozunguka. Jana jioni akaitoa mabua na kuipandisha, inang’aa.

Saa tano kasoro ndege inatokea. Inazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu ya Valeriani inaita, naye, kwa kuwa masikio yamechoka, anaiweka sauti ya nje.

“Mzee, huko chini kuna kimbunga? Soksi imenyooka yote!”

“Hakuna hata upepo wa kuzima kiberiti.”

“Sasa imenyookaje?”

“Nimeipaka rangi.”

Rubani anaizungusha ndege tena.

“Mzee wangu. Upepo unatoka wapi?”

Valeriani anaitazama soksi. Imekauka kama bomba, na pete imeganda. Digna hangoji aulizwe. Anajaza ungo, anarusha juu, na makapi yanasogea taratibu kuelekea mtoni.

“Mwambie unatoka milimani!” anapiga kelele. “Na mwambie shikamoo!”

Ndege inatua salama. Madaktari wanashuka, na Digna anampa rubani mkono. “Mshahara wangu upitishe kwa huyu mzee,” anamwambia.

Soksi mpya ilishonwa wiki iliyofuata na Yunusi, fundi cherehani wa mjini. Mara ya kwanza aliiziba mkiani, ikavimba kama tumbo la mbuzi. “Mzee wangu, mfuko usio na kitako ni mfuko gani?” alilalamika huku akifumua. Mkaguzi akarudi, akatazama, akapitisha. Kiwanja kinaendelea.

Ya Luciana ilishushwa na Valeriani mwenyewe. Hakutaka kushikiwa ngazi.

Sasa kila jioni anakaa uani na beseni la mafuta ya taa, anaisugua kwa kitambaa. Amemaliza mstari mmoja, na nyuzi za mkewe zimeanza kuonekana, kubwa kubwa, zimepinda kidogo.

“Alikuwa hajui kushona,” anasema akicheka. “Tulikuwa tunagombana kwa hili.”

Anatarajia kumaliza kabla ya Pasaka. Ikilainika, ataipandisha hapa nyumbani.

“Kwenye mwanzi mfupi,” anasema. “Sitaki rubani aje kutua kwenye mihogo yangu.”