Posa ya Perege Wenye Watoto Mdomoni

Wewe unayesoma, umewahi kumfungua samaki mdomo ukakuta watoto wake humo, wazima, wanachezacheza?

Mimi nimewakuta. Tena mbele ya wageni wa posa.

Nilishuka kutoka Chome milimani nikiwa mwali, nikaolewa hapa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Nakaanga perege, nauza Same sokoni. Maji haya nayajua, na watu wake nawajua zaidi.

Aliyekuja kuposa ni Rodgers, mwenyekiti wa kamati ya mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kijana anavaa miwani ya jua hadi ndani ya nyumba. Anajiona bonge la mtu kwa sababu ya kijiti cha kupimia samaki. Perege akipungua kipimo hata ukucha, beseni zima linabebwa.

Mjane Yudith alibebewa lake, akalia hadi kamasi. Rodgers akamjibu, "Mama, sheria haina shemeji."

Huyo ndiye anayemtaka mjukuu wangu Fortunata. Na Fortunata hasemi ndiyo, hasemi hapana. Ukimwuliza, anaenda kuchekecha unga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Vua miwani nikuone."

Mshenga wake, mzee Sifael, akatua beseni. Perege wanene, bado wanatweta.

"Hapa hakuna wa kupimwa, bibi. Kijana kachagua."

Kwetu samaki wa posa hutengenezwa mbele ya aliyemleta, asije akasingiziwa kuleta kilichochacha. Nikashika kisu, nikamfungua wa kwanza mdomo.

Vitoto vikamwagika kwenye sinia. Vidogo kama ufuta, vina macho, vinarukaruka.

Wa pili, vilevile. Aliyefuata, mayai ya njano.

Fortunata, birika mkononi, akasimama pale pale.

Perege jike hulea wanawe mdomoni, wala hali kitu. Hujificha kwenye matete. Na matete hayo kamati imeyafungia uvuvi msimu huu, kwa tangazo la Rodgers mwenyewe.

"Mwenyekiti, hawa umewavua wapi?"

"Bibi, si wamepita kipimo?"

"Sijauliza urefu. Nimeuliza mahali."

Akatazama simu. Wala haikuita.

"Yudith ulimliza kwa ukucha. Wewe umeniletea wazazi na vizazi vyao kwenye beseni moja, na tai umefunga."

Mzee Sifael akakohoa. "Alitaka kukuheshimu tu, bibi."

"Heshima ya kuibwa uzazini siijui. Bebeni."

Wakabeba. Hata chai hawakunywa.

Wenye wajukuu nisikilizeni: mtu asiyemwonea haya samaki anayelea, msimpe binti wa kuzaa naye. Na sheria ukimkabidhi mpenda sifa, ataipima kwa wenzake tu.

Nilipomgeukia Fortunata nilidhani atalia. Alikuwa anamimina chai, ametulia.

"Haya mama, sema leo. Ulikuwa unamtaka?"

"Mimi nautaka uenyekiti wake, bibi. Yeye abaki na mama yake."