Ethel na Picha za Ndani ya Chiperoni

Saa moja asubuhi, mlima Mulanje hauonekani. Chiperoni, ile mvua nyepesi ya baridi inayokuja na ukungu wake, imeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai. Ethel Nankhumwa anaivika kamera yake mfuko wa plastiki, anaukaza kwa mpira na kuanza kupanda, maharusi wawili na mchukuzi wake wakimfuata.

"Naogopa kuliko siku ya kwanza," anasema. "Wakati ule sikujua kitu."

Ethel, 34, mama wa watoto wawili, hupiga picha za harusi. Maharusi wanaotoka mjini Blantyre hawataki jua. Wanataka shela nyeupe ikipotelea kwenye ukungu. Siku ya chiperoni humpa kwacha elfu tisini, siku ya jua nusu yake.

Tatizo ni kwamba mpiga picha hutembea kinyumenyume. Juni mwaka jana, juu ya mwamba uliolowa, Ethel alikuwa na jicho kwenye kamera, akirudi hatua moja, kisha nyingine, ili bwana na bibi harusi waenee kwenye picha. Wyson Muhowa, mchukuzi wake, aliuona ukingo wa genge nyuma ya Ethel. Hakupiga kelele. Huku kwao mtu haitwi jina ndani ya ukungu. Mlima ukilisikia, wanasema, utaliita wenyewe siku nyingine, na mwenye jina atafuata.

Wyson alikimbia kimyakimya, akaudaka mkanda wa begi mgongoni mwa Ethel. Kisigino kimoja kilikuwa tayari hewani. Lenzi ikamponyoka Ethel, ikaenda. Wote wanne walisikiliza. Hawakusikia ikitua.

"Nilimuuliza, kaka, na kama ungechelewa?" Ethel anasimulia. "Akasema, 'Basi ningechelewa, dada.' Wiki nzima sikupata usingizi."

Sasa anaweka akiba afungue studio pale Chitakale, chini ya mlima, ukutani uchorwe mlima na ukungu wake, watu wapigwe picha wakiwa wamekanyaga sakafu. Anahitaji misimu miwili zaidi ya kupanda, labda mitatu.

Kabla ya kufika mwambani anasimama, anamgeukia Wyson.

"Leo ukiniona nakaribia ukingo, niite. Jina langu, kwa sauti. Mambo ya mlima nitajua mwenyewe."

Wyson anainama na kukaza kamba za viatu vyake, kama mtu atakayehitaji kukimbia tena.