Uji wa Mzazi Niliokunywa Mimi

Jumanne, 14 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, saa nne jua likatoka, tope la njiani likaanza kunuka.

Leo nimejiaibisha, na si mimi peke yangu, nimemwaibisha na mke wangu, ndiyo maana naandika, huenda nikijisoma nitapata akili.

Zuhura ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Muuguzi wa zahanati aliwafundisha wajawazito mazoezi yanaitwa yoga, kujinyoosha na kuvuta pumzi taratibu, akasema yanapunguza maumivu ya mgongo, yanasaidia siku ya uchungu, na mtu akishajifungua anarudi afundishwe mengine ya kukaza tumbo na kiuno. Nasema haki yake: Zuhura aliniambia yote haya Ijumaa. Mimi nilikuwa nashona wavu, nikajibu "mm". (Na tangu Ijumaa analala bila kulalamikia mgongo, hilo nalo sikujiuliza kwa nini.)

Basi leo narudi kutoka shamba la mpunga, nachungulia mlangoni, namwona kapiga magoti, viganja chini, mgongo kaubinua kama paka aliyeona mbwa, macho kafumba, anatoa pumzi fuuu, fuuu. Ningemuuliza tu "vipi?" yangeishia hapo. Sikuuliza. Nikakimbia mpaka bandarini napiga kelele, "Zuhura anajifungua!", na maji yalikuwa yamekupwa, boti ya Shamte imelala kwenye tope, wanaume wakaingia mpaka mapajani kuisukuma, wengine wakabeba kitanda cha kamba wakamchukulie, Bi Mwanaidi jirani yetu akainjika uji, na mimi mbele ya msafara nikausukuma mlango wangu bila hata hodi.

Zuhura alikuwa amekaa mkekani, nyayo zimegusana, magoti kayatanua, kavaa bukta yangu ya mpira. Basi. Wanaume sita na kitanda wakamwona hivyo. (Waligeuza nyuso upesi, kwa hilo nawashukuru.) Akaivuta khanga, akajifunika mpaka kichwani.

"We mtani," Shamte akasema huku anatazama paa, "mkeo anazaa au anakwenda kucheza namba tisa?"

Walipotoka, Zuhura hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza tu, "Na siku ya kweli, nani atasukuma boti?"

Hospitali iko ng'ambo ya maji, na boti ni hiyo hiyo. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Shamte nilimkuta anakwangua tope miguuni.

"Siku hiyo wewe sitakusikiliza," alisema. "Aje Bi Mwanaidi. Akija yeye, hata maji yakauke tutasukuma."

Sikubisha, ni haki yake. Nilipomwambia Zuhura, alishusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa kaa hapa nyuma yangu, nishike kiuno, tuvute pumzi wote." Nikakaa. Kuanzia leo nikiona nisichokielewa nauliza kwanza, kukimbia baadaye.

Magharibi Bi Mwanaidi akaleta uji wake wa pilipili manga, ule wa mzazi, akauweka mbele yangu mimi. "Kunywa, mwanangu, nguvu zikurudie. Umezaa kwa shida."

Zuhura akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Wao wawili walikula wali na perege. Mimi nilikunywa uji, bakuli zima.