Siku Niliyokipa King'ora Namba Moja

Hii aibu nimewaficha hata watoto wangu, lakini kwa vile mmeshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, wacha niseme. Miaka ya sabini ilikuwa inaishia, nami nilikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Malaba, tukaletewa kompyuta ya kuendesha mitambo (sanduku la chuma lenye taa nyekundu, wengine walilivulia kofia). Kila kazi ndani yake unaipa namba: namba moja inatangulia, zingine zinangoja imalize. Aliyelifunga aliipa namba moja kazi ya kufunga bomba linalomwaga pamba chumbani, chumba kikijaa. King'ora cha kuita watu chai akakiweka mwisho kabisa.

Siku ya uzinduzi, meneja akataka king'ora kilie bila kukatika mgeni rasmi akiingia, na mimi, kwa kiherehere changu, nikakipa namba moja. "Boss, hiyo ni kitu kidogo," nikamwambia.

Sasa nani akachaguliwa kufinya kitufe kwa niaba ya wakulima? Mama mkwe wangu wa Adungosi! (Kwetu Nambale mama mkwe humsogelei, humgusi, mkikutana njiani unaingia shambani apite.) Meneja akamwambia, "Mama, finya hapa, usiachilie mpaka mgeni aketi."

Akafinya. King'ora kikalia, chumba kikajaa, na lile sanduku, likishughulika na king'ora tu, halikufunga bomba. Mlango ukafyatuka, pamba ikamwagika uwanjani ikafunika viti, mgeni akakosa pa kuketi, na kwa kuwa mgeni hakuketi, mama hakuachilia.

"Mwambieni mama aachilie!" nikapiga kelele kutoka mbali.

"Mwambie wewe, si ni mama yako?" akajibu meneja, nyusi nyeupe pepepe kwa pamba.

Swichi kubwa ya kukata umeme ilikuwa ukutani, nyuma ya mgongo wa mama mkwe. Nikafumba macho, nikapiga mbio, nikateleza, nikamkumbatia mama mkwe kiunoni mbele ya umati wote, tukazama sote wawili ndani ya pamba. Kidole chake kikatoka kwenye kitufe, king'ora kikanyamaza. Bomba likajifunga, sasa!

"Nani huyo?" sauti ikatoka chini.

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Bwana ya Amoit, binti yako."

Halafu wakulima wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Meneja alinirudisha kubadilisha balbu, hilo nililivumilia. Lakini kondoo wa kuomba radhi nilimburuta nikitembea kwa miguu hadi Adungosi, na mama mkwe, asitake kuniona, akaagiza kondoo apitishwe dirishani. Tangu hapo namba za mtambo naziacha nilivyozikuta. Anayetaka kelele alete filimbi, apulize mwenyewe.