Waridi la Siku ya Kuhama

Siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa, huko Bunda, lori lilikuwa linanguruma tayari.

"Maua hayapandi humu!" mgambo alimfokea mama mmoja, jirani yetu.

Mama yule akachukua panga, akaufyeka mti wake wa waridi. Tulidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anakata vijiti, akatugawia kimoja kimoja.

"Mungu ni mkulima," alisema. "Akishikaga panga, tusidhani ametutupa. Kapandeni."

Mgambo akamsogelea, bunduki mkononi. Nikajua sasa tunapigwa. Akanyoosha mkono.

"Mama, na mimi nikatie. Kwetu wanahamishwa kesho."

Wahubiri wetu wa Musoma, wanaohubiri saa nzima kwa kipaza sauti, hadi leo nawapima kwa panga lile.